Baada ya onyesho la mwisho: maswali ambayo waigizaji huniuliza mara kwa mara

Nimekuwa mwigizaji wa jukwaani jijini Nairobi tangu 2008, na miaka ya karibuni naongoza maigizo na kufunza vijana. Kila igizo linapokwisha, simu yangu hulia. Hailii usiku wa onyesho la mwisho, maana usiku huo kila mtu bado ana makofi masikioni. Hulia Jumanne au Jumatano. Anayepiga huanza na habari nyingine, nauli, mvua, mtoto wa jirani, kisha hunyamaza kidogo. Halafu: "Dada, nina swali."

Maswali yenyewe hufanana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayotoa, ili anayeona haya kupiga simu naye ayapate.

Hakuna aliyekufa. Mbona najihisi kama niliyefiwa?

Kwa sababu kuna kilichoondoka. Kumbuka ulikuwa na nini mpaka Jumapili. Kwa wiki sita mlikutana kila jioni watu kumi na wawili katika chumba kimoja. Ulijua nani hutokwa jasho viganjani, nani husali pembeni kabla ya taa kuwaka, nani hawezi kuigiza bila kunywa chai ya tangawizi. Mlitazamana machoni kwa muda ambao hata ndugu wa tumbo moja hawatazamani. Mlishikana, mkaliliana, mkaangushana na kudakana. Kisha kwa usiku mmoja yote yakatoweka, na asubuhi ukaamka huna pa kwenda.

Tena kile mlichokijenga hakiwekeki. Seremala hubaki na kiti, mchoraji hubaki na picha, na mwigizaji wa filamu anaweza kuketi na wajukuu akaitazama. Igizo la jukwaani likishapita linabaki vichwani mwa waliokuwepo. Ile video iliyorekodiwa kwa simu kutoka safu ya nyuma, watu wakikohoa, si lile igizo, na wewe unajua hivyo kuliko mtu yeyote.

Kuna jambo la tatu, na ndilo ninaloliona zito zaidi. Kwetu aliyefiwa hupewa utaratibu. Watu huja, hupika, hukesha, huimba. Siku ikifika matanga huanuliwa, na kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake akijua kipindi hicho kimefungwa. Mwigizaji hapewi hata siku moja. Jumapili usiku anashangiliwa na ukumbi mzima, Jumatatu asubuhi amesimama kwenye foleni ya matatu kama kwamba hakuna kilichotokea. Huzuni ipo, ila utaratibu wa kuifunga haupo. Majibu mengi yanayofuata ni njia nilizojifunza, nyingine kwa kuchelewa, za kuanua matanga hayo.

Hali hii huanza lini, na hukaa muda gani?

Kwangu mimi, na kwa wengi ninaofanya nao kazi, Jumatatu hupita salama kwa sababu ya uchovu. Unalala, unakula, unafua nguo. Jumanne ndiyo siku yenyewe, na saa yake naijua: saa kumi na moja jioni, wakati uliokuwa ukifika ukumbini. Mwili unainuka kwenda. Unaanza kupasha sauti bila kukusudia, unatazama saa, tumbo linasokota kama linavyosokota kabla ya kuingia jukwaani. Kisha inafika saa moja na nusu, na hakuna jukwaa.

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na hapa taabu hiyo iko mwilini kabisa. Kila usiku wa onyesho mwili wako ulimwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, ukawa macho kuliko binadamu wa kawaida, kisha ukapokea makofi na kicheko cha watu. Mwili umejifunza ratiba hiyo, na hauwezi kuisahau kwa kuwa tu bango limeng'olewa ukutani. Ndiyo maana wengi wetu hushikwa na mafua wiki hiyo, au hulala kwa muda wa saa kumi na bado wakaamka wamechoka.

Kwa kawaida wiki moja hadi tatu zinatosha ukali kupungua. Saa ile ya kumi na moja usiiache tupu. Toka utembee, mpigie mama, kata sukuma, lolote linaloshughulisha mikono na miguu. Usikae kitandani na simu ukipitia picha za igizo. Nimefanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilijiongezea siku.

Bado natembea na kusema kama mhusika wangu. Nimvue vipi?

Swali hili lina uzito, hasa kwa aliyebeba mhusika mwenye maumivu.

Mwaka mmoja niliigiza mama aliyemzika mtoto. Mwanangu mwenyewe alikuwa na umri wa miaka mitatu. Kila usiku nilipiga magoti mbele ya jeneza tupu la mbao laini na nikalia. Akili ilijua ni igizo. Mwili haukujua: kwikwi zilikuwa kwikwi, kifua kilibana kweli, koo liliwaka kweli. Igizo lilipokwisha nilianza kuamka usiku wa manane kwenda kusikiliza kama mwanangu anapumua. Ilinichukua zaidi ya mwezi kuelewa kwamba anayeamka si mimi peke yangu.

Wataalamu wa tiba kwa njia ya drama wana desturi ambayo sisi wa jukwaani tungepaswa kuiiga: hawamwachi mtu atoke chumbani kabla hajavuliwa uhusika. Kwenye kikundi changu sasa tunafanya hivi. Kila mmoja anavua maleba, yaani nguo za mhusika, mwenyewe, polepole, bila kurushiana na bila kupiga gumzo. Anayaweka mahali pake. Anasema kwa sauti jina la mhusika na jambo moja ambalo mhusika huyo anabaki nalo, kwa mfano, "Wewe unabaki na jeneza." Kisha anasema jina lake mwenyewe na jambo moja la maisha yake: "Mimi naenda nyumbani, mwanangu ana homework ya kuchora ng'ombe." Mara ya kwanza vijana huona haya. Usiku wa onyesho la mwisho hakuna anayeona haya.

Nawaambia pia habari za Konstantin Stanislavski, yule Mrusi ambaye mafunzo yake ya uigizaji yameenea duniani. Mwanzoni alisisitiza mwigizaji achimbe kumbukumbu zake ili apate hisia. Miaka yake ya mwisho aliegemea zaidi vitendo vya mwili, kwamba ukikifanya kitendo kwa ukweli hisia itafuata. Mimi nachukua somo la njia ya kutokea: kama mhusika aliingia kupitia mwili, atoke kupitia mwili. Badilisha viatu. Kama mhusika wako alikuwa na mabega yaliyoinama, tembea wiki nzima ukiwa umeyanyoosha. Nyoa ndevu ulizomfugia, fumua nywele ulizomsukia. Usivae nguo yake nyumbani, hata kama mwongozaji amekupa zawadi. Iweke kwanza, utaivaa mwakani.

Nimempenda mwenzangu niliyeigiza naye kama mke wangu. Ni mapenzi ya kweli?

Huenda ni ya kweli, lakini leo huwezi kujua. Mlikuwa mkiangaliana chini ya taa, mkiambiana maneno yaliyoandikwa na mtu mwenye ufundi, na ukumbi mzima ukiwaombea mpatane. Nani asingependa? Subiri miezi mitatu. Kutaneni mchana, kwenye kibanda cha chai, kila mtu na shida zake za kodi ya nyumba. Kama bado mna ya kuzungumza, sawa. Na kama mmoja wenu ana ndoa, usifanye uamuzi wowote katika mwezi wa kwanza. Nimeona nyumba mbili zikivunjika kwa ajili ya mtu ambaye, mhusika alipoondoka, hakubaki yeyote aliyejulikana.

Nijitoe kwenye kundi la WhatsApp la igizo?

Zima milio, usijitoe. Litapoa lenyewe, na siku mmoja wenu atakapougua au kuoa, ndilo litakalowakutanisha.

Lazima nibaki kubomoa seti? Mimi ni mwigizaji, si fundi.

Baki. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo waigizaji wapya hukwepa, na ndio hao hao wanaonipigia simu Jumanne.

Nilipoanza nilikuwa nikiondoka nikiwa na vipodozi usoni, naenda kusherehekea na rafiki zangu. Ukumbi uliobaki kichwani mwangu ulikuwa ule wenye nyumba, mlango, dirisha lenye pazia la buluu, na nilikuwa nauota. Kisha mwaka mmoja msimamizi wa jukwaa, mzee aliyekuwa na mikono migumu kama mizizi, alinipa nyundo akaniambia, "Binti, hii nyumba umeishi wewe. Njoo uing'oe." Niling'oa ukuta ule niliokuwa nikiuegemea katika onyesho la pili. Nyuma yake kulikuwa na mbao tupu na misumari, na mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi vipimo vya mlango. Kufikia saa saba usiku jukwaa lilikuwa jeusi na tupu. Tukafagia. Sikuwahi kuiota nyumba ile.

Kwa waombolezaji hii ni sawa na kutia mchanga kaburini. Hakuna anayetaka, na kila aliyefanya anashukuru baadaye.

Nyumbani wananiambia, "Si mlikuwa mnacheza tu?" Nijibu nini?

Kiswahili chenyewe kinatuponza kidogo hapa, kwani tunasema fulani amecheza mchezo wa kuigiza, na anayesikia kucheza anafikiria mpira wa makaratasi. Usiwakasirikie. Mume wangu ni fundi umeme na kwa miaka mingi hakuelewa kwa nini mke wake anakuwa kama kivuli kila baada ya igizo. Siku moja nilimwuliza: kama wewe na mafundi wenzako mngejenga nyumba kwa wiki sita, mkahamia humo kwa wiki mbili na familia mpya, kisha mkaibomoa usiku mmoja, Jumatatu ungekuwaje? Alinyamaza muda mrefu. Tangu hapo, Jumanne ya kwanza baada ya igizo hurudi mapema na kupika yeye.

Waambie watu wa nyumbani mapema, kabla ya onyesho la mwisho, kwamba wiki inayofuata utakuwa mzito. Wakijua ni wiki, watakuvumilia. Wasipojua, watadhani umewachoka.

Hivi huzuni hii si ya pesa tu?

Kwa sehemu ni ya pesa, na tuseme wazi. Vikundi vingi hapa hulipa kutokana na mauzo ya tiketi, na mgawo hutoka baada ya gharama za ukumbi, taa na mabango. Kwa hiyo mwigizaji anamaliza igizo akiwa ameacha vibarua vingine kwa miezi miwili, na mkononi ana kiasi kisichofika kodi ya mwezi. Kuna mtayarishaji mmoja, simtaji, aliyetuambia tusubiri wiki moja. Tulisubiri miezi mitano. Katika miezi hiyo sikuweza kutenganisha kumlilia mhusika na kumwogopa mwenye nyumba.

Andikianeni mkataba kabla ya mazoezi, uonyeshe tarehe ya malipo. Na ukipata kibarua cha siku chache cha kufanya wiki ya kwanza baada ya igizo, kichukue, hata kiwe kidogo. Njaa hufanya kila huzuni ionekane haina mwisho.

Sisi ni wa vitabu vya seti, hatuna onyesho la mwisho. Mbona bado naumia?

Wasomaji wa nje ya Kenya niwaeleze kwanza. Hapa kuna vikundi vinavyozunguka shule za sekondari vikiigiza vitabu vinavyotahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne. Asubuhi mko Kisii, alasiri Nyamira, kesho Kericho. Jukwaa ni ukumbi wa kulia wenye harufu ya githeri, taa ni dirisha, na wanafunzi mia nane wanaijua mistari kuliko nyinyi, wanaitamka pamoja nanyi na kupiga kelele mnaporuka neno. Mwigizaji mmoja hubeba wahusika watatu na kubadilisha maleba nyuma ya gari.

Igizo la namna hii halifi kwa pazia kushuka, linakufa kwa mtaala kubadilika. Kigogo ya Pauline Kea ilipotoka kwenye orodha na nafasi yake kushikwa na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, waigizaji waliokuwa wamembeba Tunu au Majoka kwa miaka waliamka siku moja na kukuta hakuna shule inayowaita kwa ajili ya kitabu hicho. Hawakujua ni onyesho lipi lilikuwa la mwisho. Labda lilikuwa lile ambalo mvua ilipiga mabati hadi hakuna aliyesikia. Hawakuinama mbele ya hadhira wakijua wanaaga.

Rafiki yangu mmoja alikuwa Tunu kwa misimu mitatu. Alikuja kwangu akasema kinachomuuma si kazi kuisha, ni kwamba hakumuaga. Tulichofanya ni hiki: tuliwaita watu tisa sebuleni kwangu, majirani na watoto wao, akaigiza onyesho moja tu la Tunu, lile alilolipenda. Wasichana wawili wa jirani, waliokuwa wamemaliza kidato cha nne, walimsindikiza kwa mistari tangu mwanzo hadi mwisho. Akainama. Wakapiga makofi. Akavua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni na kuikunja.

Kama uko kwenye ziara hizi, msimu wa mwisho wa kitabu hujulikana mapema. Chagueni shule moja, mkubaliane kuwa hiyo ndiyo ya kuaga.

Igizo letu lilisimamishwa kabla ya wakati. Hili nalo?

Hili ni jeraha la aina yake, na nchi hii inalijua. Mwaka 1977 huko Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Maonyesho yalianza Oktoba. Novemba leseni ikafutwa. Ilipofika mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekamatwa, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Habari hizi huandikwa sana kama siasa. Mimi nikizisoma huwafikiria wale waigizaji, mama mchuma chai aliyekariri mistari baada ya kazi kwa miezi, na Jumapili moja akaambiwa asije. Igizo hilo lilirudi jukwaani Nairobi mwaka 2022, kwenye Ukumbi wa Kitaifa, miaka 45 baadaye.

Na Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la drama huko Nakuru, wasichana wa shule ya Butere waliingia jukwaani baada ya mvutano mkubwa kuhusu igizo lao, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Polisi walitumia vitoa machozi siku hiyo. Waliyoyafanyia mazoezi kwa majuma walirudi nayo kwenye basi.

Yetu ilikuwa ndogo kulinganisha na hayo. Machi 2020 tulikuwa tumebakiza maonyesho manne ukumbi ulipofungwa kwa sababu ya korona. Seti ilikaa gizani kwa miezi. Tulipoweza kukutana tena tulikaa kwenye viti vya plastiki uani kwa mmoja wetu, tukalisoma igizo zima, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kila mtu na sehemu yake. Tulipomaliza tulisimama tukainamiana sisi kwa sisi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimebeba maonyesho manne kifuani. Siku ile niliyaweka chini. Lisomeni igizo lenu mpaka mwisho, mahali popote. Mistari isiyosemwa haitulii.

Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu walilia basi zima wakirudi kutoka tamasha. Niwaambie nini?

Usiwaambie "tutashinda mwakani." Hawalilii kikombe, na walio kidato cha nne hawana mwakani. Waache walie, kisha wiki ileile waite mara moja tu, wakae duara, kila mmoja ataje kosa moja la mwenzake lililowachekesha na jambo moja ambalo mwenzake alilifanya vizuri. Rudisheni maleba stoo pamoja. Na umwangalie yule aliyekuwa kimya darasani akang'ara jukwaani: huyo amepoteza zaidi ya wengine. Mpe kazi ya kusoma risala au kuendesha mjadala kabla hajarudi kimyani.

Sijahisi chochote. Nina kasoro?

Huna. Wengine hujisikia wepesi, hasa kama kikundi kilikuwa na ugomvi au mwongozaji alikuwa wa matusi. Kupumua pia ni haki yako.

Niingie igizo jingine mara moja ili nisahau?

Kama ni kwa ajili ya kodi, ingia. Kama ni kwa ajili ya kusahau, ngoja angalau wiki mbili. Nimewaongoza waigizaji waliokuja kwangu siku tatu baada ya igizo jingine. Walimleta mhusika wa zamani ndani ya nguo za mpya, na mazoezi yakawa ya kumfukuza.

Nitajuaje kwamba si huzuni ya igizo tena?

Ukipita wiki mbili mfululizo karibu kila siku moyo uko chini, huli au unakula bila kujizuia, hulali au huamki, na mambo uliyoyapenda hayana ladha, nenda hospitali umwone daktari au mshauri nasaha. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje wiki mbili wala siku mbili: mwambie mtu leo. Kwa walio Kenya, Msalaba Mwekundu wana nambari ya bure, 1199. Sisi waigizaji ni hodari wa kuigiza kuwa wazima, na wenzetu hawajui kama tunaigiza. Kama mwenzako kwenye igizo amenyamaza ghafla, mpigie simu, na akisema "niko poa," muulize tena.

Mistari itakaa kichwani mpaka lini?

Mingi huondoka ndani ya miezi michache, na kuondoka kwake kuna uchungu wake. Siku moja unaitafuta sentensi uliyoisema mara thelathini na huioni.

Michache haiondoki. Mwezi uliopita nilikuwa nikiosha vyombo, maji yalipogusa mkono mstari wa yule mama wa jeneza ukanitoka mdomoni wote, na pumzi yake, na kituo chake. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Mwanangu, ambaye sasa ananipita urefu, aliingia jikoni akauliza nazungumza na nani. Nikamwambia jina la yule mama. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani, akasema, "Nisimulie habari zake."